Mwongozo kamili: kukusanya visu vya kukunja vya zamani na kujua umri wake (kwa wana Mwanza na kanda ya ziwa nzima)

Kanuni ya kwanza naiweka juu kabisa maana ukiishika hii nyingine zote zinakaa zenyewe: kisu kina umri wa kipande chake kipya kuliko vyote. Bapa linaweza kuwa la enzi za mjerumani, mpini kabadilisha fundi juzi tu, sasa hicho kisu si cha mjerumani, ni cha juzi chenye bapa la mjerumani. Na alama nyingi utakazoziona kwenye chuma zinakwambia kitu kimoja tu, "mimi sikutengenezwa kabla ya mwaka fulani". Hazikwambii mwaka wenyewe. Kazi yako ni kukusanya mashahidi kadhaa halafu uone wanakubaliana wapi.

Kwa nini huku kwetu vipo vingi? Angalia historia ya ziwa utaelewa. Wajerumani waliweka kituo Mwanza miaka ya 1890, reli ya Uganda ikafika Kisumu 1901 na kutoka pale mizigo ikawa inavuka kwa meli, Waingereza wakaiteka Mwanza Julai 1916, kisha reli ya kutoka Tabora ikaingia 1928. Juu ya hapo weka wazee wetu waliokwenda Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), wakapigana vita ya pili mpaka Burma. Kwa hiyo ukipekua masanduku ya bati ya kanda hii tegemea tabaka mbili kubwa, visu vya Solingen ya Ujerumani na vya Sheffield ya Uingereza, miji ya watengeneza visu. Visu vya Marekani vipo ila vingi utakutana navyo mtandaoni, nitavigusa kidogo tu.

HATUA YA 1: PA KUTAFUTA

Wauza chuma chakavu ndo wa kwanza. Igoma, Nyakato, popote penye mizani na rundo la skrepa, waambie unataka visu vya kukunja, hata vilivyoganda kutu, hata vilivyovunjika, wakuwekee pembeni. Usiwaambie unatafuta "antiki" maana hapo hapo bei inapanda mara kumi na kila kisu cha mchina kinakuwa cha babu yake. Mlango Mmoja kwenye mitumba pia pitia, hasa wale wanaouza mabegi na makoti ya zamani, mifuko ya ndani huwa haikaguliwi vizuri. Mwaloni Kirumba wavuvi na wapara samaki wanatumia visu vya kawaida vya mpini wa mbao, ila unakuta mzee mmoja wa kushona nyavu ana kisu kizito cheusi chenye msumari mnene nyuma, hicho usikipite, tutakirudia.

Visiwani ndo penyewe, Ukerewe na Ukara, pia vijiji vya Magu na Sengerema. Huko vitu havitupwi. Lakini huko hauendi na kishindo cha mnunuzi. Unafika, shikamoo mzee, unakaa, unaulizwa umetoka kwa nani, unaeleza, chai inakuja, mazungumzo ya mvua na pamba yanapita, ndo unasema "mzee nimesikia una kisu cha zamani, naomba nikione tu kwa macho". Kukiona tu. Wengi wakishaona una interesti ya kweli wanakusimulia chenyewe kilikotoka na hayo maelezo yana thamani kuliko kisu. Uliza nani alikileta, mwaka gani, alikuwa kazi gani, relini, melini, jeshini, mishenini. Kama kuna karatasi ya kuachishwa jeshi piga picha ukiruhusiwa. Akisema hauzi, hauzi, mshukuru. Na akikubali mwambie ukweli kwamba watu wanakusanya hivi vitu na vina bei, mtoto wake asije akakusaka mwakani.

HATUA YA 2: USIKISAFISHE

Najua mkono unawasha. Usikiguse na msasa, usikiguse na stili waya, usimpe fundi mwenye grainda, usikiloweke kwenye limao wala Coca-Cola. Nusu ya ushahidi upo kwenye uchafu huo. Kutu iliyokaa ndani ya herufi, mafuta yaliyoganda kwenye maungio, rangi ya kijivu ya bapa, vyote hivyo vinasomwa kwanza. Kikiwa kimeganda hakifunguki, tia tone mbili tatu za mafuta ya cherehani kwenye ekseli ya bapa, kiache usiku mzima, kesho jaribu taratibu, kikikataa tia tena. Ukilazimisha na koleo utavunja kijishimo cha kucha (kile cha kwenye bapa cha kulifungulia) au springi na hapo basi.

Vya kuwa navyo mfukoni: simu yenye kamera ya kukaribia, tochi ndogo, rula ya milimita, kipande cha chaki, mswaki wa zamani, daftari. Basi.

HATUA YA 3: JUA SEHEMU ZA KISU

Tukubaliane majina ili tusipotezane. Bapa ni lile lenye makali. Shina ni mwisho wa bapa usionolewa, unaoingia kwenye mpini, na hapo ndo alama nyingi hukaa. Springi ni chuma cha mgongoni kinachokaza bapa likifunguka na kufunga. Mabati ya ndani ni zile karatasi mbili za chuma au shaba zinazoshika kila kitu, vibao ni vile vya nje unavyoshika (mfupa, pembe, mbao, plastiki), kofia ni vyuma vya kumalizia kwenye ncha za mpini, na ribiti zinafunga vyote pamoja.

HATUA YA 4: SOMA SHINA

Hapa ndo penye utamu kwa hiyo tutakaa. Fungua bapa nusu, elekeza tochi kutoka ubavuni sio kutoka juu, kivuli kitaingia kwenye herufi. Bado haisomeki? Chukua chaki, isage kidogo kwa kidole, pakaza unga juu ya shina halafu futa kwa kidole gumba mara moja tu, ule unga unabaki ndani ya herufi na maandishi yanatokea meupe kwenye chuma cheusi. Piga picha hapo hapo. Geuza, fanya upande wa pili, kisha kila bapa kama yako mawili matatu, maana kila shina linaweza kuwa na kitu chake.

Ukiona SHEFFIELD. Jina kubwa la huko ni Joseph Rodgers & Sons, alama yao ni nyota na msalaba wa Malta, alama iliyotolewa Sheffield tangu 1682, kwa hiyo alama yenyewe haikusaidii mwaka. Kinachosaidia ni herufi za mfalme. V R na taji ni za Malkia Victoria, yaani kabla ya 1901. E R ni Edward VII, 1901 mpaka 1910. G R inaanza 1910 kwa George V na inaendelea na George VI, aliyefariki 1952. Afu tena E R inarudi kwa Elizabeth, hapo usichanganye, kisu cha Elizabeth mara nyingi kina dalili nyingine za upya. Kuna na maneno "Cutlers to Her Majesty" na "Cutlers to His Majesty", Her ni malkia, His ni mfalme, kwa hiyo His inaangukia kati ya 1901 na 1952 kwa visu ambavyo utaviona wewe. Angalizo kubwa: kuna William Rodgers pia, na maneno "I Cut My Way". Huyo ni mwingine kabisa, siyo Joseph, na wauzaji wa mtandaoni wanapenda sana kusahau jina la kwanza. Ukiona I*XL basi ni George Wostenholm, naye wa Sheffield, kazi nzuri.

Ukiona SOLINGEN. Mapacha wawili wamesimama ni J. A. Henckels, alama ya tangu 1731, nayo pia haikupi mwaka. Mti ni Böker, kampuni ya 1869. Paka anaruka kwenye mpini wa bati jeusi na maandishi K55K ni Mercator, kisu cha watu wa kazi, chembamba, bati limekunjwa tu, na bado kinatengenezwa mpaka leo kwa hiyo usikurupuke. Kwa Solingen angalia maneno madogo madogo. D.R.P. ni hati miliki ya Ujerumani ya kuanzia 1877, D.R.G.M. ni usajili ulioanza 1891, kwa hiyo kisu chenye D.R.G.M. hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. "West Germany" ni 1949 mpaka 1990, sasa mtu akikuletea kisu cha West Germany akasema babu yake alikipata kwa mjerumani wa Bismarck, mpe pole. Jina Solingen lenyewe lililindwa kisheria Ujerumani 1938, kabla ya hapo viliwahi kuuzwa visu vya kuiga vyenye jina hilo.

Neno la nchi. Marekani walipitisha sheria ya ushuru 1890, na kuanzia 1891 bidhaa zinazoingia kwao zikatakiwa kuandikwa nchi zilikotoka. Uingereza nao 1887 walikuwa na sheria yao iliyofanya bidhaa za Ujerumani ziandikwe Made in Germany. Ndo maana wakusanyaji husema ukiona "England" au "Germany" ni baada ya 1891 hivi, na ukiona mji peke yake ni kabla. Nusu ya kwanza naikubali, kwamba neno likiwepo basi kisu ni cha kipindi hicho au baada. Nusu ya pili sikubaliani nayo kwa visu vya huku kwetu, maana kisu kilichotengenezwa kuuzwa Mombasa au Tanga sheria ya Marekani ilikuwa haikihusu, kiwanda kingeweza kupiga Sheffield tupu miaka ya 1930 bila shida. Kukosekana kwa neno sio ushahidi.

STAINLESS, ROSTFREI, INOX. Chuma kisichoshika kutu cha visu kilitoka kwa Harry Brearley, Sheffield, 1913, na kwenye visu kikaanza kuenea baada ya vita ya kwanza. Hii ndo alama inayoua uongo mwingi kuliko zote. Mfano, mtu ana kisu cha Rodgers chenye taji na V R kwenye bapa kubwa, halafu bapa dogo limeandikwa Stainless. Victoria alifariki Januari 1901. Hayo mawili hayawezi kuzaliwa siku moja, kwa hiyo ama bapa dogo limebadilishwa ama kitu kizima ni cha kutengeneza. Kinabaki kisu kizuri cha kumenyea chungwa, ila bei ya Victoria hapana.

Namba ya "Rd No" ni usajili wa umbo wa Uingereza, zilianza na namba 1 mwaka 1884 zikapanda, jedwali lake lipo mtandaoni, unatafuta namba yako inakupa mwaka umbo liliposajiliwa. Kisu chenyewe kinaweza kuwa cha miaka 20 baadaye, kumbuka kanuni.

VYA JESHI. Sasa tumrudie yule mzee wa nyavu. Kisu kizito, bapa moja pana, kifungua kopo, nyuma kuna msumari mnene wa chuma wa kufungulia mafundo na kushonea kamba, na pete ya kuning'inizia. Hicho ni kisu cha jeshi la Uingereza na kwa mtu wa nyavu au wa tanga ni kifaa ambacho hakijapata mbadala, ndo maana vimebaki ziwani vinafanya kazi. Tafuta mshale mdogo wenye vidole vitatu unaoelekea juu, ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na karibu yake mara nyingi kuna mwaka kamili, 1940, 1942, 1944, pamoja na jina la kiwanda. Hapa kwa mara moja chuma kinakutajia mwaka chenyewe. Mshale ukiwa ndani ya herufi C ni Kanada, ukiwa ndani ya U ni Afrika Kusini, ukikaa kati ya D mbili ni Australia. Vile vikubwa vyenye vibao vya pembe nyeusi vilivyochorwa mistari ya kukatana ni vya zamani zaidi, vile vifupi vyenye plastiki nyeusi ya mistari hiyo hiyo ni vya vita ya pili. Ukikuta namba ndefu ya tarakimu na dashi za mfumo wa NATO, hiyo ni baada ya vita, NATO yenyewe ni ya 1949.

USWISI. Karl Elsener alianza karakana yake ya visu 1884, akapeleka visu vya kwanza kwa jeshi la Uswisi 1891, jina Victoria, la mama yake, likaanza 1909 baada ya mama huyo kufariki, na 1921 lilipokuja suala la inox ndo likazaliwa Victorinox. Kwa hiyo "Victorinox" kwenye shina = sio kabla ya 1921. Vile vya askari vya mpini wa aluminiamu yenye chenga chenga, modeli ya 1961, vina tarakimu mbili za mwaka kwenye shina, 67 ni 1967, rahisi hivyo.

UFARANSA. Visu vya Opinel vilianza 1890, alama ya mkono wenye taji inatoka 1909, na ile pete ya kuzungusha kufunga bapa ililetwa 1955. Opinel ya saizi ya kawaida isiyo na pete, na haina dalili kwamba pete imetoka, ni kabla ya 1955. Ila namba 2 hadi 5 hazina pete hata leo. Douk-Douk, kile cha bati lililokunjwa na mchoro wa pepo wa Melanesia, ni cha kuanzia 1929.

MAREKANI kwa ufupi, maana utakutana navyo eBay: Case wana mfumo mtamu kuliko wote. "Case XX" tupu ni 1940 hadi 1964, "Case XX U.S.A." ni 1965 hadi 1969, kuanzia 1970 wakaweka nukta kumi chini ya jina na kila mwaka wakaondoa moja. Unahesabu nukta unajua mwaka.

HATUA YA 5: VIBAO VYA MPINI

Alama ikifutika kabisa, na huku kwetu zinafutika maana watu walinoa kwenye jiwe mpaka kwenye shina, mpini ndo unaongea. Mfupa una vitundu vidogo na vistari vyeusi ukiangalia kwa kamera, ni njia za damu, plastiki haina. Pembe ya ng'ombe au nyati inaonesha tabaka tabaka, inabanduka kingoni, na wadudu wanaila, ukiona vimashimo vya mviringo kama vimetobolewa hiyo ni pembe ya kweli. Plastiki ya kwanza kwanza, seluloidi, ilitoka Marekani karibu 1870, ikapendwa sana kwenye visu kwa sababu inaiga gamba la kobe, lulu, chochote. Ijaribu hivi, sugua kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka ipate joto, nusa, inanuka kafuri. Bakelaiti ni ya 1907 na kuendelea, nayo ukiipasha kwa kusugua inatoa harufu kali ya dawa. Delrini, plastiki ngumu ya kuiga mfupa, iliingia sokoni 1960, inafanana mno na mfupa ila haina vitundu na kila kibao kinafanana na mwenzake kabisa kwa mchoro.

Usijaribu kwa sindano ya moto hata kama umeona video. Seluloidi inashika moto kwa kasi, utaunguza kisu na vidole.

Na skrubu! Skrubu ya nyota, ile ya msalaba ya Phillips, ni ya miaka ya 1930 kuendelea, na ile ya nyota ya pembe sita ni ya 1967. Kisu chenye ribiti tatu za shaba na skrubu moja ya nyota kimeshapita kwa fundi. Mabati ya ndani nayo yachungulie, chuma au shaba, yote mawili yalitumika zamani ila yakiwa tofauti upande na upande jua kuna kisa.

PEMBE ZA NDOVU: HAPA SIMAMA

Visu vya fahari vya Sheffield vilitumia pembe za ndovu na gamba la kasa. Mimi ushauri wangu ni mmoja, usinunue, usipokee, usibebe. Meno ya tembo ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na kukutwa nayo bila kibali ni kesi nzito, utetezi wa "ni ya zamani, ni kakisu tu" usiutegemee. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku na CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) kwa uamuzi wa 1989. Ukiona kibao cheupe kizito chenye mistari inayokatana kama wavu kwenye ncha yake, hiyo ni pembe. Kirudishe mezani kwa heshima. Kama kipo kwenye familia tayari, nendeni mkaulize watu wa maliasili kabla hamjakihamisha.

HATUA YA 6: FEKI NA VYA KUUNGANISHA

Feki za siku hizi zina maandishi ya leza, mepesi, ya kijivu, kina kimoja kila mahali. Maandishi ya zamani yalipigwa kwa muhuri wa chuma, kina kinatofautiana, kingo zimeinuka kidogo, herufi ya mwisho inaweza kuwa imelala. Angalia kutu ndani ya herufi, kama shina zima lina kutu ya kahawia halafu ndani ya herufi chuma kinang'aa, hayo maandishi yamezaliwa baada ya kutu. Kutu ya asidi ni ya vitundu vinavyofanana, imetapakaa sawasawa mpaka sehemu ambazo mkono haufiki, kutu ya maisha inakaa kwenye maungio na chini, inakwepa pale kidole gumba kilipokuwa kinashika kila siku.

Vya kuunganisha ndo vingi huku kuliko feki, na havijatengenezwa kukudanganya, ni fundi alikuwa anakiokoa kisu. Bapa halikai katikati ya mpini, kijishimo cha kucha kimezama ndani ya mpini hakifikiki, ribiti zimegongwa kwa nyundo zimetengeneza uyoga. Binafsi navipenda hivi, kisu cha Sheffield chenye kibao cha mpingo alichochonga fundi wa Nansio ni historia ya ziwa hili kamili. Ila nunua kwa bei ya hicho, na kwenye daftari andika hivyo.

HATUA YA 7: HALI YAKE

Fungua na ufunge, sikiliza. Springi nzima inatoa mlio wa kukata, tak, na bapa linajivuta lenyewe hatua za mwisho. Likidondoka tu bila kuvutwa springi imechoka. Tikisa bapa kushoto kulia, kucheza kidogo si mbaya. Kisha angalia limenolewa kiasi gani, bapa likifungwa na ncha inatokeza juu ya mpini basi limeliwa sana. Linganisha upana wa bapa karibu na shina na upana wa katikati, pakiwa na tumbo la kuingia ndani ujue jiwe limefanya kazi miaka. Kisu kilicholiwa nusu kinashuka bei sana hata jina likiwa kubwa.

HATUA YA 8: SASA SAFISHA, TENA KIDOGO

Lengo ni kuzuia kutu nyekundu, sio kung'arisha. Ile rangi ya kijivu na bluu nyeusi kwenye bapa iache, ni ngozi ya kisu, inalinda. Mafuta ya cherehani, mswaki wa zamani, kijiti cha meno kwa kona, kitambaa cha pamba. Kutu nyekundu itoe kwa kijiti cha shaba au sarafu laini ya shaba ukiwa umeloanisha na mafuta, shaba ni laini kuliko chuma cha bapa haiachi mikwaruzo mibaya. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda yanakuwa gundi. Mpini wa mfupa na pembe usiuloweke kwenye maji, utajikunja.

Kuhifadhi ndo kazi ya sisi wa pembeni ya ziwa. Unyevu wa hapa, hasa masika, unaweza kukirudisha kisu kwenye kutu ndani ya muda mfupi. Kusanya vile vipakti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, weka kwenye kopo la kufunga vizuri na visu vilivyofungwa kitambaa kikavu, badilisha vipakti mara kwa mara. Usihifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi, dawa za kulainishia ngozi zinakula chuma. Na vile vya seluloidi vitenge kabisa, peke yao, penye hewa, kwa sababu ikianza kuzeeka inatoa mvuke wa asidi unaoshambulia chuma, na sio chake tu, hata majirani. Ukiona bapa moja tu limeoza kutu upande unaogusa mpini wakati mengine mazima, mshitakiwa ni huyo.

HATUA YA 9: DAFTARI

Kila kisu ukurasa wake. Picha ya mbele, nyuma, kila shina na chaki. Urefu kikiwa kimefungwa kwa milimita. Maandishi yote neno kwa neno, hata herufi isiyosomeka iachie nafasi. Umekipata wapi, nani alikuwa nacho, alisema nini, na andika hadithi yake kama alivyosema bila kuinyoosha, hata kama mwaka wake haukubaliani na chuma. Kisha mashahidi, kila mmoja na mwaka wake wa chini: D.R.G.M., si kabla ya 1891. Rostfrei, si kabla ya 1913. Neno West Germany, 1949 mpaka 1990. Jumla: kati ya 1949 na 1990. Unaona kilichoshinda ni kile cha mwisho, vile vingine viwili vimebaki mapambo tu. Ukiandika "1960 hivi" bila kuonesha njia, mwenzako hawezi kukuangalia kazi.

Ukikwama, makumbusho ya visu ya Solingen na makumbusho ya viwanda ya Kelham Island kule Sheffield yana hazina za kulinganishia na picha nyingi ziko mtandaoni. Watumie watu picha ya shina lenye chaki, sio picha ya kisu kizima kiko juu ya kitanda.

Kusafiri navyo: kwenye basi funga kwenye kitambaa weka ndani kabisa ya begi, visiwe mfukoni. Kwenye ndege vinaingia begi la mizigo linalokabidhiwa kaunta, ukisahau kimoja kwenye begi la mkononi pale uwanja wa Mwanza kitabaki mezani kwa wakaguzi, na hawataki kusikia habari za Malkia Victoria.